Siku Moja ya Kwenda Kutazama

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hapana shaka walikusudia wingi wa miaka, kwa maana mtu aliyezeeka katika shamba lake hujua kila jiwe na kila mti, na hujua mvua kabla haijanyesha. Lakini wako watu ambao kuishi kwao hakuhesabiwi kwa miaka bali kwa vituo. Askari ni mmoja wao. Huletwa mahali kwa amri na huondolewa kwa amri. Afikapo kituo kipya hujua kwanza zamu yake ya lindo, kisha njia ya dukani, kisha njia ya zahanati. Na kabla hajajua jina la mlima anaoutazama kila asubuhi, barua ya uhamisho hufika, mizigo ikafungwa, na watoto wakaanza upya katika shule nyingine. Mtu wa namna hii huweza kuishi kwingi na asione kitu.

Iko jamaa moja ya hali hiyo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Baba ni koplo wa polisi, mzaliwa wa upande wa Arua. Mama ni mtu wa Soroti. Kwa kuwa Mlugbara na Mteso hawasikilizani kwa lugha zao za nyumbani, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho wanachokisema watoto wao watatu tangu walipoanza kutamka maneno. Katika miaka kumi na minne ya ndoa wamehama mara tatu: kutoka Moroto wakaenda Kasese, kutoka Kasese wakaenda Kabale, na kutoka Kabale wakaletwa Nakivale.

Jioni moja binti yao mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, alirudi na kazi ya shule. Mwalimu alikuwa amewaagiza waandike insha juu ya mahali walipopata kutembelea. Mtoto alimwuliza mama yake aandike nini. Mama akaanza kukumbuka, na alivyozidi kukumbuka ndivyo alivyozidi kustaajabu, maana kila kituo alikikumbuka kwa bomba lake la maji tu. Moroto bomba lilikuwa mbali, na wanawake walipanga foleni kabla ya alfajiri. Kasese maji yalitoka ya vuguvugu kwa ukali wa jua. Kabale yalikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Alikuwa amekaa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori yenye theluji, na hakupata hata siku moja kutoka kwenda kuitazama milima hiyo kwa makusudi. Alikuwa amekaa Kabale, karibu na ziwa Bunyonyi lenye visiwa 29, akiyaona magari ya watalii yakipita kila wiki kwenda huko. Visiwa vyenyewe hakuviona.

Binti alikuwa amesoma katika kitabu cha shule habari za visiwa vya Karibi, kama Jamaika na Barbados. Akawasimulia wazazi wake kwamba wageni kutoka nchi za baridi hufika huko kwa meli kubwa, wakashuka asubuhi, wakapelekwa kuyatazama maporomoko ya maji, ngome ya kale na soko, na jioni wakarudi melini. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yote hayo kwa siku moja?" Mtoto akajibu kwamba ndivyo kitabu kilivyosema. Mama akanyamaza, akaendelea kuchambua maharage. Lakini neno hilo lilikuwa limekwisha kuingia moyoni mwake.

Usiku ule alimwambia mumewe kwamba anataka familia iende Mbarara, isiende kununua kitu wala kumwona daktari, bali iende kuutazama mji. Koplo alicheka. Alisema kwamba kutembea bila kazi ni anasa ya Wazungu, na kwamba nyumba yao ya Arua ilikuwa ingali inangoja mabati. Hapo mama alitoa kopo la maziwa ya unga lililokuwa limefichwa nyuma ya sanduku la nguo. Kwa muda wa wiki hamsini alikuwa akitia humo shilingi elfu tatu kila wiki kutokana na nyanya alizopanda nyuma ya nyumba yao. Zilikuwa zimetimia shilingi laki moja na nusu.

"Baba Watoto," alisema, "fedha za mabati zimo katika mshahara wako, nami sijapata kuzigusa. Hizi ni za nyanya. Tangu siku ya kwanza nilizitia humu kwa ajili ya safari, ingawa sikujua ni safari gani."

Baba hakukubali siku hiyo, wala siku ya pili. Alikubali siku ya nne, aliporudi kazini na habari kwamba orodha ya uhamisho ilikuwa ikitayarishwa, na kwamba afande mmoja alimdokeza kuwa jina lake limo. Ndipo alipotambua kwamba watoto wake wangeondoka katika upande huu wa nchi kama walivyoondoka katika pande nyingine, na kwamba mtu akiwauliza baadaye Ankole ikoje, wangemweleza habari za bomba.

Sasa palikuwa na jirani. Huyu alikuwa mama mjane kutoka Kivu, aliyevuka mpaka mwaka 2012 wakati wa vita vya M23. Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipokuwa wakiingia. Tangu hapo yamepokea watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Mjane huyu alipewa kipande cha ardhi kama wenzake, akalima mahindi na maharage. Mwanawe wa pekee, aliyezaliwa hapo hapo Nakivale, alikuwa na umri wa miaka kumi, naye alikuwa rafiki mkubwa wa mtoto wa pili wa koplo. Wake hawa wawili waliazimana chumvi na kusukana nywele, na yule wa Soroti alikuwa amejifunza kutoka kwa yule wa Kivu namna ya kupika sombe.

Alipoalikwa kufuatana nao, mjane alikataa. Alikuwa amefika Mbarara safari moja tu maishani mwake, na safari hiyo ilimpeleka hospitali kumwuguza mumewe. Alikaa naye wodini siku kumi na tisa, na siku ya ishirini alirudi na maiti. "Dada," alisema, "mji ule kwangu una mlango mmoja tu, nao ni ule wa hospitali. Nitakwenda kutazama nini?" Tena aliongeza sababu ya pili, kwamba yeye ni mkimbizi, na huenda akaulizwa njiani ametoka kambini kwa ruhusa ya nani.

Juu ya sababu ya pili, koplo alimjibu kama mtu ajuaye kazi yake. Alimweleza kwamba sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini, na kwamba jambo la busara ni kuchukua kitambulisho chake na kukitoa kwa heshima akiulizwa. Juu ya sababu ya kwanza koplo hakuwa na jibu. Ni mkewe aliyejibu. "Ndiyo maana uje, dada. Mtoto wako naye anaujua mji ule kwa mlango huo huo, maana ndio unaomsimulia." Mjane hakusema neno. Lakini siku ya Ijumaa jioni alionekana akipiga pasi shati la shule la mwanawe, ingawa kesho yake haikuwa siku ya shule.

Walitoka Nakivale Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Juni, wakati vumbi limekwisha kuwa jekundu juu ya majani. Walikuwa watu saba. Mama alikuwa amekwisha kuchemsha mayai, kukaanga chapati na kujaza maji yaliyochemshwa katika chupa mbili kubwa, ili fedha zisiishie kwenye vioski. Taksi iliruka mashimo mpaka Kabingo, ambako walishika lami ya barabara itokayo Kikagati. Kutoka hapo migomba ilifunika vilima pande zote mbili, na malori yalisimama ukingoni yakipakia matoke ya kupelekwa Kampala. Baina ya migomba na migomba palionekana ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu zilizopinda juu kama mikono ya mtu anayeomba. Watoto walikuwa wamewaona ng'ombe hao siku zote, wakipita na wachungaji wao. Lakini siku hiyo, kwa kuwa wametoka kutazama, waliwatazama.

Mbarara imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na mambo ya jiji yanaonekana: maghorofa, benki, pikipiki za bodaboda zisizohesabika, na vijana wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989. Walianza penye mzunguko wa barabara wenye sanamu ya ng'ombe wa Ankole. Mtoto wa mwisho wa koplo aliuliza kwa nini ng'ombe huyo hali majani, na watu waliokuwa wakipita wakacheka. Kisha wakapanda mlima wa Kamukuzi, ulipokuwa makao ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Wakalitazama jumba la zamani kwa nje. Binti mkubwa alitazamia dhahabu, akaona matofali. Baba yake akamweleza kwamba falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na kwamba zile za Buganda, Bunyoro na Toro ziliporudishwa mwaka 1993, ule wa Ankole haukurudishwa. "Kwa hiyo nyumba inamngoja mwenyewe?" mtoto akauliza. Baba akasema jambo hilo wenyewe wa Ankole hawajaafikiana, na akapanguza jasho.

Wakati wote huo koplo alikuwa amevaa shati la maua alilonunuliwa na mkewe, lakini macho yake yalikuwa kazini. Walipopita sokoni hakuona vikapu wala vitambaa. Aliona mikono ya vijana na mifuko ya wanunuzi. Popote waliposimama, yeye aligeuka akaupa mgongo mnara au nyumba waliyokuja kuitazama, akawakabili watu. Mkewe alimvumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alimshika mkono, akamgeuza taratibu. "Baba Watoto, likizo umeipewa wewe. Na macho nayo uyape."

Kutoka hapo walichukua taksi ya barabara ya Masaka kuelekea Biharwe, kadiri ya kilomita 12 mashariki ya mji. Njiani walipita kambi ya jeshi ya Makenke, na koplo akawasimulia watoto habari za vita vya mji huu. Mnamo Septemba 1972, wapiganaji waliokuwa uhamishoni Tanzania waliingia nchini wakaishambulia kambi ya Mbarara kwa shabaha ya kumwondoa Idi Amin, wakashindwa. Mnamo Februari 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji, na majengo mengi yakabomolewa. Watoto waliuliza juu ya vifaru na mizinga, kama ilivyo desturi ya watoto. Mjane ndiye aliyeuliza jambo jingine. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, na sasa alitazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na hapa vita vilipita? Nami nilidhani watu hawa walizaliwa na maghorofa yao." Hakuna aliyemjibu. Yeye mwenyewe aliongeza baadaye, kama anayehesabu kimoyomoyo, kwamba mji ukibomolewa kumbe huweza kujengwa ukawa hivi, na watu wauzao sabuni wakasahau.

Biharwe pana jumba la makumbusho la Igongo, ambamo huonyeshwa maisha ya Wanyankole wa zamani: nyumba za nyasi zenye umbo la msonge, mikuki, ngoma, na vyombo vya mti vya kuwekea maziwa, ambavyo wenyewe huviita ebyanzi. Wake wawili walisimama penye vyombo hivyo kuliko mahali pengine popote. Walikubaliana kwamba mtu aliyevichonga alijua kazi, na wakashindana kwa muda juu ya namna ya kuviosha ndani, maana shingo zake ni nyembamba. Mambo ya wafalme hayakuwashughulisha sana.

Lakini jambo lililobadilisha siku ya koplo lilikuwa mnara ulioko mlimani hapo Biharwe. Mnara huo ni wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Mapokeo yasema kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuja na jeshi kubwa, akaishinda Nkore na kuteka ng'ombe wasio na idadi. Walipofika Biharwe na mateka yao, jua likafifia mchana kweupe, giza likaingia, na jeshi lililokuwa limeshinda likashikwa na hofu, likakimbia likiwaacha ng'ombe nyuma. Wanyankole wakawachukua, nao hukumbuka mpaka leo kwamba ng'ombe wao walirudishwa na mbingu. Kwa kuwa wataalamu wa nyota huweza kuhesabu nyakati za jua kupatwa hata za miaka mia nyingi iliyopita, tukio hilo limewasaidia wanahistoria kupata tarehe iliyo imara katika historia ya falme hizi, ambazo habari zake nyingi hazikuandikwa.

Watoto walikwisha kukimbia kuzunguka mnara. Koplo alisimama. Kisha akamwambia mkewe jambo ambalo hakupata kumwambia. Mnamo tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa tena Uganda, na mahali palipoonekana vizuri palikuwa Pakwach, upande wa kwao wa West Nile. Wageni walifika kutoka nchi nyingi, na Rais mwenyewe alikuwapo. Yeye, wakati huo konstebo, alikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa kulinda umati. Amri ilikuwa kuwakabili watu. Baada ya saa kumi na moja jioni giza liliingia, maelfu ya watu wakapiga kelele za mshangao, wazee wakashika vichwa, wageni wakalia machozi. Yeye aliona nyuso zao zote. Jua lilikuwa nyuma ya mgongo wake, na zile sekunde chache zilipokwisha, hakuwa ameliona.

"Na hukuweza kugeuka hata kidogo?" mkewe aliuliza.

"Kazi ilikuwa kule mbele," alisema.

Hakusema kwa majuto, wala si haki kumlaumu. Umati usiolindwa huweza kugeuka maafa, na mtu aliyewalinda wengine watazame alifanya kazi ya maana. Lakini mkewe alipomwona akiuzunguka mnara polepole, akiutazama toka chini hata juu, akisoma kila herufi iliyoandikwa, alielewa kwa nini mumewe alikuwa akiita kutazama anasa. Mtu huzoea kukidharau kile alichonyimwa.

Walirudi mjini saa nane. Mayai na chapati zililiwa chini ya mti, na mama akatoa fungu alilokuwa ameliweka kwa chakula kimoja cha mahali penyewe, maana alisema mji haujulikani kwa macho peke yake. Waliingia katika mkahawa, wakaagiza sahani mbili za matoke kwa eshabwe wakagawana. Eshabwe ni mchuzi mweupe wa Wanyankole, unaotengenezwa kwa samli, maji na chumvi ya mawe, usiopikwa motoni, nao huliwa ukiwa baridi. Mwana wa mjane alisema una ladha ya ng'ombe, akaomba aongezwe. Mama wa watoto alikaa na mikono yake mapajani. Mtu mwingine alikuwa ameleta chakula, na mtu mwingine angeosha vyombo. Mara mbili aliinuka kutaka kukusanya sahani, na mara mbili mumewe akamwambia, "Kaa, Mama Watoto."

Walipokuwa wakiondoka hapo, mjane alisema kwamba, kama haiwasumbui, angependa wapite langoni pa ile hospitali. Walikwenda. Hakutaka kuingia. Alisimama upande wa pili wa barabara, akatafuta kwa macho penye wauza matunda. Ndipo alipoeleza kwamba katika zile siku kumi na tisa palikuwa na mwanamke aliyeuza uji karibu na lango, na kwamba siku ya mwisho mwanamke huyo alimpa kikombe kwa mkopo, akamwambia atalipa kesho. Kesho yake ilikuwa ile siku ya ishirini. Miaka minane deni hilo lilikuwa likimwamsha usiku, wakati mwingine hata kuliko kifo chenyewe, maana kifo alikuwa amekilia, lakini deni halililiwi.

Mwanamke yule hakuwapo. Mahali pake palikuwa na msichana mwenye birika kubwa, ambaye alisema kwamba yeye ameanza biashara mwaka jana na hamjui aliyetangulia. Mjane alisimama na noti mkononi kwa muda. Kisha akanunua kikombe cha uji, akampa mwanawe. Mtoto akanywa, akasema sukari haitoshi. Mjane akacheka, na mke wa koplo, aliyemjua kwa miaka mitatu, alitambua kwamba hakupata kumsikia akicheka kwa sauti. Baadaye, walipokuwa wakitembea, mjane alisema tu, "Sasa nimeuona mji kwa nje." Deni lake halikulipwa, wala hakudai kwamba limelipwa.

Kabla ya kupanda taksi ya kurudi walipita penye mto Rwizi. Mto huu hupita Mbarara, ukaenda kujaza mabwawa na maziwa ya upande wa mashariki, Mburo na Nakivale yakiwa miongoni mwake, na mwisho maji huelekea Ziwa Viktoria. Mwaka 2006 maziwa na mabwawa hayo yaliwekwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yanayostahili kuhifadhiwa. Koplo alipowaambia watoto kwamba maji haya hushuka kuelekea ziwa la kwao, mwana wa mjane aliyakazia macho maji yenye tope. Akauliza kama viboko wa Nakivale wanaweza kupanda mto mpaka hapa mjini. Akajibiwa kwamba hawawezi. Akasema basi ni wavivu, maana nauli hawalipi.

Walifika nyumbani usiku umeingia, watoto wamelala mabegani. Kopo la maziwa lilirudi na shilingi elfu kumi na moja. Wiki tano baadaye barua ya uhamisho ilifika, ya kwenda Lira. Mizigo ilifungwa kama siku zote, na machozi yalikuwako kama siku zote, hasa baina ya wale wake wawili. Tofauti ilikuwa moja. Binti mkubwa alipoulizwa katika shule mpya alikotoka, hakutaja kambi ya polisi. Alitaja mlima ambapo jua lilifichwa na ng'ombe wakarudi, na mto uendao ziwani. Naye koplo, wiki ya pili tu alipokuwa Lira, alimwuliza mzee mmoja wa hapo jina la mlima.

Yafaa basi jamaa za askari, popote walipo, walifikirie jambo hili. Uhamisho hautakoma, maana ndio utaratibu wa kazi. Lakini katika kila kituo huweza kupatikana siku moja kwa mwaka. Haihitaji fedha nyingi, bali yahitaji mpango. Fedha ziwekwe kidogo kidogo katika chombo chake, zisichanganywe na za karo wala za nyumba, ili asiwepo mtu wa kunung'unika. Chakula kipikwe nyumbani, isipokuwa kimoja cha wenyeji. Maji yachemshwe na kuchukuliwa. Wenyeji waulizwe mapema nini cha kuona, kwa kuwa wao ndio wajuao mlima upi una hadithi. Mambo yasizidi manne au matano, maana mtoto aliyechoka haoni kitu. Na pakiwepo jirani ambaye mji una mlango mmoja tu kwake, aalikwe, hata akikataa mara ya kwanza.

Mjane wa Nakivale hivi sasa ana kopo lake mwenyewe. Mwanawe amekwisha kumwambia kwamba safari hii wataanzia mtoni.